Baiskeli ya mbio ya zamani na ya kisasa: tofauti ya kasi inatoka wapi hasa?

#1 Kanyagio

Wakuu, kila mtu akiweka picha ya baiskeli yake ya chuma ya miaka ya 80, yenye nyaya za breki zilizochomoza juu ya usukani na vijiti vya gia kwenye bomba la fremu, hakosi wa kumwambia auze hiyo, anunue kaboni, ataongeza kilomita tano kwa saa. Hizo kilomita tano sijawahi kuziona kwa mtu aliyepima. Nafungua uzi huu tuongee kwa namba.

Msimamo wangu nauweka mapema. Baiskeli ya kisasa ina kasi zaidi, hilo halina ubishi. Ninachopinga ni mahali ambapo watu wanadhani kasi hiyo inatoka. Wanaitafuta kwenye fremu na kwenye mzani, wakati sehemu kubwa iko kwenye mkao wa mpandaji na kwenye matairi, na hivyo vyote viwili fremu ya mwaka 1985 inavipokea vizuri tu.

Tuanze na hewa, maana kwenye tambarare ndiye adui mkuu. Nguvu ya kuikata hewa inapanda kwa kipeo cha tatu cha kasi: ukitaka kwenda mara mbili ya sasa, hewa peke yake inadai nguvu mara nane. Mtu wa kilo 70 na ushee anayekwenda kilomita 35 kwa saa bila upepo anahitaji takriban wati 220, na kama 180 kati ya hizo zinaliwa na hewa. Na hewa hiyo haigongi baiskeli sana. Baiskeli ni kama robo ya mzigo huo, kilichobaki ni mwili: kichwa, mabega, mikono, mapaja yanayopanda na kushuka. Kwa hiyo hata ukiifanya fremu yako isionekane kabisa na upepo, robo tatu ya tatizo bado imekaa juu ya tandiko.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa Chris Boardman, Mwingereza. Mwaka 1996, uwanja wa Manchester, aliendesha kilomita 56.375 kwa saa moja akiwa amenyoosha mikono mbele kabisa, ule mkao ulioitwa wa Superman. Mkao huo ukaja kupigwa marufuku, na mwaka 2000 chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kikaamua kwamba rekodi ya saa iwaniwe kwa baiskeli ya aina aliyotumia Mbelgiji Eddy Merckx alipoweka rekodi yake mwaka 1972: mabomba ya duara, magurudumu ya spoku, usukani wa kawaida uliopinda. Boardman akarudi Manchester mwaka huohuo wa 2000. Akapata kilomita 49.441, yaani amemzidi Merckx kwa mita 10 tu. Mtu yuleyule, uwanja uleule, na pengo la karibu kilomita 7.

Hapo ndipo pa kuanzia mjadala.

#2 MkiaWaKundi

Uzi mzuri, naweka kambi hapa.

Ila mkuu, Boardman wa 2000 alikuwa anaaga mchezo. Miaka 32, mwili si ule wa 1996. Huwezi kumbebesha mkao kilomita zote 7. Halafu Merckx aliiweka rekodi yake Mexico City, juu kule hewa ni nyepesi, Boardman alikuwa Manchester karibu na usawa wa bahari. Ukiwaweka pamoja namna hiyo unachanganya mambo.

#3 Kanyagio

Hoja zote mbili nazikubali, na ya pili inanisaidia. Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko ya pwani. Merckx alinufaika nayo. Maana yake Boardman, kwenye hewa nzito, kwa baiskeli ya aina ileile, alihitaji nguvu zaidi kufika pale pale. Huyo hakuwa mzee aliyechoka.

Sasa kuhusu umri, piga hesabu. 56.375 gawanya kwa 49.441, kisha kipeo cha tatu: unapata karibu 1.48. Kama hewa ingekuwa inamgonga kwa kiasi kilekile mara zote mbili, Boardman wa 1996 angetakiwa kuwa na nguvu karibu mara moja na nusu ya Boardman wa 2000. Mwanariadha aliyepoteza theluthi ya nguvu zake haendi kuvunja rekodi ya Merckx. Toa kidogo kwa ajili ya umri, toa kidogo kwa ajili ya magurudumu na kofia, kilichobaki ni mwili uliojikunja vizuri.

Na angalia ilivyochukua muda kumpita. Sheria zililegezwa tena mwaka 2014, wakaruhusiwa kutumia baiskeli za kisasa kabisa za kukimbiza muda, na bado Bradley Wiggins mwaka 2015 aliishia 54.526. Ilibidi tumsubiri Filippo Ganna, Oktoba 2022, huko Grenchen Uswisi, apate 56.792. Miaka 26 ya kaboni, vyumba vya upepo na mavazi maalumu ikaongeza mita 417 juu ya mtu aliyenyoosha mikono mwaka 1996.

Pembeni kidogo: baiskeli ya Merckx ya 1972, iliyotengenezwa na Ernesto Colnago kwa chuma, haikufika kilo 6. Ilikuwa ya uwanjani, bila breki wala gia, lakini wale wanaodhani wepesi ulianza na kaboni waiangalie.

#4 PandaMlima

Nyie mnaongelea uwanja wa mbao. Mimi njia zangu ni za vilima, na kilimani hewa si kitu. Baiskeli yangu ya chuma ina kilo 10 na nusu, ya jamaa yangu ya kaboni ina 7 na nusu. Kilo tatu! Kwenye mpando ananiacha kila mara. Hilo nalo utaniambia ni mkao?

#5 Kanyagio

Hapana mkuu, hapo ni uzito kweli, na kilimani baiskeli mpya inastahili sifa yake. Ila tupime ukubwa wa sifa hiyo.

Chukua mlima wa kilomita 10 wenye mwinuko wa asilimia 8, na mtu anayekanyaga wati 250 bila kulegea. Yeye, nguo, maji na baiskeli ya chuma jumla kilo 84. Atafika juu kwa dakika 49 na nusu hivi. Mpe baiskeli nyepesi kwa kilo 3, atafika kwa dakika 48 kasoro kidogo. Amepata kama dakika moja na nusu, au zaidi kidogo. Kwenye mashindano hiyo ni zawadi kubwa mno, mtu anashinda mashindano ya wiki tatu kwa pungufu ya hapo. Kwenye matembezi ya Jumamosi, jamaa yako akikuacha kwa dakika sita au saba, kilo tatu zinaeleza chini ya mbili. Zilizobaki ni miguu yake, au gia zako.

Kanuni rahisi ya kukumbuka: mlimani muda unafuata uzito WOTE unaopanda. Kilo 3 katika 84 ni asilimia 3.6, na muda utapungua karibu kiasi hicho. Kwenye tambarare kilo hizohizo huzioni kabisa, na kwenye mteremko baiskeli nzito inakurudishia sehemu ya ulichopoteza.

#6 FundiSpoku

Kanyagio amegusa gia halafu akapita. Ngoja niingie, maana hapa ndipo ninapowaona watu wakiteseka.

Baiskeli ya mbio ya miaka ya 70 na 80 ilikuja na meno 52 na 42 mbele, na nyuma sproketi (vile vigurudumu vya meno vinavyoshika cheni) tano au sita, kubwa kabisa ikiwa na meno 23 au 24. Gia nyepesi uliyonayo ni 42 kwa 24. Mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 3.7. Kwenye mlima wa asilimia 8, ukienda kilomita 12 kwa saa, unakanyaga mizunguko 54 kwa dakika. Huko si kuendesha, ni kusukuma ukuta. Magoti yanalia, misuli inajaa, dakika ya ishirini umekwisha. Mwenye baiskeli ya kisasa ana 34 mbele na 28, 30, hata 34 nyuma. Kwa kasi ileile, akiwa kwenye 34 kwa 28, anazungusha 78. Wati ni zilezile, lakini mwili wake haujavunjika, na kilometa ya mwisho anayo nguvu ambayo wewe umeshaimaliza.

Watu wanaita hiyo "kaboni". Hapana. Hiyo ni sproketi.

Halafu kubadilisha kwenyewe. Kwenye baiskeli ya zamani unaachia usukani kwa mkono mmoja, unainama hadi kwenye bomba la fremu, unasukuma kijiti kisicho na hatua. Cheni inapanda, inakwaruza. Unairudisha kidogo kwa ncha ya kidole mpaka kelele ikate. Ukiwa umesimama juu ya pedali mlimani huwezi kufanya hivyo, lazima ukae kwanza. Kwa hiyo hubadilishi. Unabaki na gia isiyokufaa kwa sababu kuibadilisha ni kazi. Shimano walileta gia za hatua, ambazo kila mbofyo ni gia moja, mwaka 1984, na 1990 wakaziweka kwenye mkono wa breki wenyewe. Kwangu mimi hayo mawili yameongeza kasi ya mtu wa kawaida kuliko fremu yoyote iliyotoka baada yake. Hata pedali za kubana viatu, za Look, ambazo Bernard Hinault alishinda nazo Tour de France mwaka 1985, ni za zama hizohizo za chuma.

Breki sitasema mengi. Rimu ya chuma ikilowa haishiki, nukta. Mtu asiyeamini breki zake anashuka mlima amezibana kuanzia juu hadi chini. Breki ya diski inakuruhusu kuchelewa kufunga kila kona, na kwenye mteremko mrefu hilo linaonekana kwenye saa.

#7 MkiaWaKundi

Fundi umesema kweli tupu. Lakini ugumu wa fremu je? Chuma kinapinda ukikanyaga kwa nguvu, unaona kabisa cheni ikigusa pale mbele. Nguvu hiyo inapotea. Kaboni haipindi.

#8 Kanyagio

Fremu inapinda, kweli. Lakini chuma ni springi nzuri sana: kinachoingia wakati wa kukanyaga kinarudi karibu chote fremu inaponyooka. Kama nguvu nyingi ingepotea humo ndani, ingegeuka joto, na mabomba yangepata moto. Hayapati. Ugumu unakupa hisia ya kuitikiwa haraka, na hisia hiyo ni tamu, sikatai, ila usiiandike kwenye safu ya kilomita kwa saa.

Sasa matairi, ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya nianzishe uzi.

Tairi linapokanyaga barabara linabonyea, na mpira unapobonyea na kurudi unakula nguvu. Tofauti na chuma, mpira haurudishi vizuri. Kiasi kinacholiwa kinategemea unene na aina ya mpira, nyuzi za ndani, tyubu na upepo uliojaza. Chukua tairi gumu la bei rahisi ambalo limekaa kwenye baiskeli ya zamani miaka mingi, liweke na tairi zuri la mbio la leo. Kizidishi cha ukinzani kinaweza kutoka 0.006 hadi 0.004. Namba inaonekana ndogo. Kwa mzigo wa kilo 84 na kasi ya kilomita 35 kwa saa, hizo ni wati 16. Wati 16 kwenye 220! Kwa nguvu ileile ya miguu unapata karibu kilomita moja nzima kwa saa.

Linganisha na fremu. Tuseme fremu ya kisasa iliyochongwa kwa ajili ya upepo, nyaya zimefichwa, magurudumu yana rimu ndefu, vyote pamoja vinapunguza ukinzani wa hewa wa mpandaji na baiskeli yake kwa asilimia 6. Hiyo ni zawadi nono, si kila fremu inaitoa. Unapata kama kilomita 0.6 kwa saa. Yaani matairi yamezidi fremu na magurudumu kwa pamoja, na matairi hayo yanaingia kwenye rimu za fremu yako ya chuma leo jioni.

Kuna jingine linalowadanganya wengi: upana na upepo. Tulizoea tairi la milimita 20 au 23 lililojazwa mpaka linakuwa kama jiwe, kwa imani kwamba gumu ndilo linalokimbia. Kwenye uwanja wa mbao, sawa. Kwenye lami yenye changarawe ndogondogo kila kijiwe kinalirusha tairi juu, na wewe mzima unarushwa nalo, na nguvu iliyokuinua hairudi kukusukuma mbele. Mtikisiko mwilini ni nguvu iliyopotea. Tairi la 25 au 28 lenye upepo wa kiasi linakimeza kile kijiwe na kuendelea. Ubaya ni kwamba tairi gumu linahisi lina kasi zaidi, kwa sababu mikono inatetemeka na masikio yanasikia mvumo. Tairi laini liko kimya, mtu anadhani anatembea. Angalia saa, usisikilize mikono.

Na nguo, jamani. Fulana pana inayopepea mgongoni inaweza kula wati nyingi kuliko fremu ya kisasa inavyookoa. Mtu ananunua fremu ya upepo halafu anaipanda na koti lililojaa hewa.

#9 MkiaWaKundi

Nakubali kwa sehemu kubwa. Swali langu la mwisho ni hili: mbio zenyewe. Tour de France ya kwanza, 1903, mshindi alikuwa na wastani wa kilomita 25 na kitu kwa saa. Siku hizi wamepita 42. Kama baiskeli si sababu, ni nini?

#10 Kanyagio

Baiskeli ni mojawapo. Lakini 1903 kulikuwa na hatua za zaidi ya kilomita 400, barabara za vumbi, na kuanza usiku. Gia za kubadilisha kwa cheni hazikuruhusiwa kwenye Tour mpaka 1937. Leo hatua ni fupi, lami laini, chakula kinapimwa kwa gramu, na kundi zima linapokezana kukata upepo. Ukijificha nyuma ya mwenzako unaokoa hata theluthi ya nguvu, hakuna fremu inayokupa hivyo. Na kuna miaka ya katikati ambayo dawa za kuongeza nguvu zilichafua kila namba, ndiyo maana sipendi kulinganisha muda wa kupanda milima kati ya zama na zama.

Nikupe namba ya upande wa pili. Paris–Roubaix, zile mbio za siku moja za Ufaransa zinazopita kwenye barabara za mawe, mwaka 1964 Peter Post alishinda kwa wastani wa kilomita 45.129 kwa saa, kwa chuma, na rekodi hiyo ikakaa mpaka 2017 alipokuja Greg Van Avermaet na 45.204. Miaka 53! Upepo wa mgongoni ulimsaidia sana Post, na njia ya wakati ule ilikuwa na mawe machache kuliko ya sasa, kwa hiyo simaanishi baiskeli zilikuwa sawa. Namaanisha upepo na njia vinaweza kuficha nusu karne ya ufundi.

Halafu tangu 2017 rekodi hiyo imevunjwa mara kwa mara. Mathieu van der Poel alifikisha wastani wa karibu 47.8 mwaka 2024. Katika miaka hiyohiyo, matairi mapana yasiyo na tyubu na upepo mdogo ndiyo yameenea kwenye mawe yale. Sitasema ni sababu pekee, ila mimi naona mkono wa tairi humo.

#11 PandaMlima

Mmenielewesha. Ninazo zote mbili kwa mwezi huu, jamaa yangu ameniazima yake. Nipime vipi nisije nikajidanganya?

#12 Kanyagio

Safi sana, ndiyo tunachohitaji humu.

Tafuta njia ya mzunguko, si ya kwenda tu, ili upepo unaokusaidia huku ukudai kule. Kama unaweza kupata pedali zenye kipima nguvu, hizo ndizo dawa, kwa sababu unazihamisha kutoka baiskeli moja kwenda nyingine na kipimo kinabaki kilekile. Usitegemee mapigo ya moyo. Yanapanda kwa joto, kwa chai, kwa hamu ya kuona mpya inashinda.

Endesha kwa mpangilio huu: ya zamani, mpya, mpya, ya zamani. Siku moja, nguo zilezile, chupa zilezile. Ukimaliza zote za zamani kwanza, uchovu na upepo wa mchana vitaiangukia mpya, na ukianza na mpya ni kinyume chake. Kwa mpangilio huo vinagawana. Shika wati zilezile kila mzunguko, kisha linganisha muda.

Halafu, hili ndilo muhimu kwangu: rudia siku nyingine ukiwa umeweka matairi ya aina moja kwenye baiskeli zote mbili, na urefu wa tandiko na umbali wa usukani ukiwa sawa kadiri uwezavyo. Tofauti itakayobaki hapo ndiyo ya fremu, magurudumu na uzito. Tuletee namba zote, hata zikinipinga.

#13 KengeleMbili

Samahani kwa kuchelewa. Nina fremu ya chuma ya miaka ya 70, magurudumu ya inchi 27. Matairi mazuri ya hiyo saizi hayapatikani. Je, naweza kuweka magurudumu ya 700C na sproketi nyingi za kisasa, au nitaiharibu?

#14 FundiSpoku

Unaweza, ila pima kwanza vitu viwili.

Cha kwanza, breki. Rimu ya inchi 27 ina kipenyo cha milimita 630, ya 700C ni 622. Kwa hiyo mpira wa breki unatakiwa kushuka milimita 4. Angalia kama mikono ya breki ina nafasi ya kuushusha. Breki nyingi za zama zile zinayo, na ukishusha gurudumu unapata nafasi zaidi ya tairi pana, ndiyo raha yake. Kama haifiki, tafuta breki zenye mikono mirefu zaidi.

Cha pili, upana wa nyuma. Pima ndani kwa ndani pale ekseli inapokaa. Ya kwako itakuwa milimita 120 au 126, habu (kitovu cha gurudumu) ya kisasa ya breki za rimu ni 130. Kutoka 126 kwenda 130 chuma kinatanuka kwa mkono tu wakati wa kuingiza gurudumu. Kama ni 120, mpelekee fundi aitanue taratibu pande zote mbili sawa, kisha anyooshe masikio ya ekseli yawe sambamba tena. Fanya hivyo kwa chuma TU. Alumini na kaboni usithubutu, zitapasuka.

Kabla ya yote, vua usukani na shingo yake uzisugue mpaka zing'ae, kisha utafute nyufa pale shingo inapobana usukani na pale inapoingia kwenye uma. Alumini ya miaka 50 huchoka kimyakimya. Ukiona mstari mwembamba hata kama unywele, tupa, weka mpya, halafu ndiyo uanze kuwaza matairi.